Mjerumani Alipaka Grisi

Ukitaka kujua kama Kigoma kuna siri, nunua mashine mbovu. Yangu niliinunua Ijumaa jioni, nikaifunika turubai, nikaipakia kwenye guta na kumwambia kijana apite njia za uani mpaka nyumbani Ujiji. Jumamosi alfajiri natoka msikitini, mama muuza vitumbua ananiita kwa upole: "Baba, hongera ya mashine. Debe mtasaga kwa shilingi ngapi?"

"Mama, ile haisagi mahindi."

"Inasaga nini?"

"Matawi ya miti."

Akaniangalia. Kisha akaniongezea kitumbua kimoja, hela hakudai, kama mtu anavyompa mgonjwa.

Chanzo cha yote ni deni. Kuna bwana nilimkopesha bati, akanikimbia miaka miwili. Mimi nikipita barabara ya juu, yeye ana shughuli barabara ya chini. Mwishowe akaniita kwake Katubuka, akanikabidhi trekta. Msishtuke. Ni trekta la bustani, la Kimarekani, nguvu za farasi 16, ambalo huko kwao kazi yake ni kumzungusha mzee mmoja uani akikata nyasi. Ukilipanda, magoti yanataka kukuziba masikio. Nikalipokea shingo upande, na nilipokuwa nageuka kuondoka nikaona nyuma ya choo, chini ya mwembe, kitu cha chuma chenye mdomo mpana, na ndani ya mdomo kuku ametamia.

"Na hiki?"

"Hicho kinafungwa mbele ya trekta. Kinakula matawi."

Nikatoa laki mbili na nusu. Ndiyo, mmesoma vizuri: anayedai ndiye aliyetoa hela. Kuku alibaki kwa mwenyewe, mayai matatu yakaja kwangu kwa sababu hakuna aliyeyakumbuka, na hiyo ndiyo faida pekee niliyoiona kwa miezi mitatu.

Mke wangu aliizunguka mashine mara moja, kimya. Akaigonga kwa ncha ya kandambili. Kutu ikamwagika chini kama mtama.

"Baba watoto," akasema, "kuni mji huu zinauzwa kwa fungu. Wewe una miembe miwili na michikichi mitatu, kuni unazo za bure. Sasa umetoa hela ili uzichukue hizo kuni za bure uzifanye takataka?"

Nikamweleza habari ya matandazo. Kwamba vipande vikimwagwa chini ya migomba vinashika unyevu kiangazi, kuanzia Juni mpaka mvua za Oktoba au Novemba, na magugu hayapumui. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Migomba imekulalamikia?"

Ndani yake mashine hii ni rahisi kuliko redio. Kuna sahani nzito ya chuma inayozungushwa kwa mkanda kutoka kwenye injini ya trekta, usoni imefungwa visu viwili. Tawi nene linaingia kwa bomba la pembeni, linakutana na visu. Majani na vijiti vinaingia kwa mdomo ule mkubwa, humo vinapondwa na nyundo ndogondogo zinazoning'inia kwenye pini, na chini yake kuna chekeche. Nyundo na chekeche! Yeyote aliyewahi kuchungulia mashine ya kusaga unga anavijua. Kwa hiyo yule mama wa vitumbua hakukosea sana, hawa ni mtu na binamu yake.

Sasa, mtu wa Kigoma akiona chuma kilichooza lazima akutajie Liemba, ile meli kongwe ya ziwa letu. Ni ugonjwa wa mji. Jirani yangu, tunamwita Mzee wa Reli kwa kuwa alistaafu huko, alikuja na kiti chake kabisa, akakiweka mbele ya mashine, na baada ya salamu ya "mwakeye" hakuuliza hata hali ya watoto. Akaanza.

"Ile meli iliundwa Ujerumani 1913. Ikafunguliwa, ikaletwa kwenye masanduku, kwa meli nyingine mpaka Dar, kwa reli mpaka hapa. Ikaungwa hapa hapa. 1916 Wajerumani wanakimbia, wakaizamisha wenyewe. Waingereza wakaiibua 1924. Na 1927 ikarudi kazini. Wewe hiki kikopo kinakushinda?"

Mke wangu akadakia kutoka jikoni: "1916 mpaka 1927, miaka kumi na moja. Huyu ndiyo kwanza ana wiki."

Lakini wote hao wanaruka sehemu moja ya hadithi, na ndiyo inayoniuma. Kabla ya kuizamisha ile meli, wahandisi wake walizipaka mashine zote grisi nzito. Ndiyo maana ilipoibuliwa, karibu miaka minane tangu ilale chini ya ziwa, mashine zilikuwa bado mashine. Hebu fikirini. Mtu yuko vitani, adui anakuja, anaiua meli yake kwa mkono wake, na anakumbuka grisi. Wewe bwana wa Katubuka hakuna aliyekufukuza, hakuna bunduki hata ya manati, una mwembe, una choo, una muda wa kunikimbia miaka miwili, ukashindwa kupaka grisi kijiko kimoja!

Nikaanza kufungua bolti. Nikasema nitafungua. Spana namba 13 inacheza kama jino la mtoto, namba 12 haiingii hata kwa dua. Fundi wangu, kijana wa Mwanga anayejua pikipiki kuliko anavyojua ndugu zake, akakuna kichwa: "Mzee, hii mashine ina vipimo vya ajabu." Si ajabu, ni inchi. Wamarekani waliigoma milimita. Kichwa cha bolti ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na mtaa mzima una spana za milimita tu. Ikabidi tukate kopo la soda, tukunje kipande, tukitie kati ya spana na bolti kama kabari. Halafu oili chafu, siku tatu, asubuhi na jioni kama dawa ya kikohozi. Halafu moto. Bolti sita zikafunguka, ya saba ikakatika, na fundi akasema lile neno la mafundi wote wa Tanzania: "Hiyo siyo muhimu sana."

Nyundo zilikuwa zimeshikana na pini zake kana kwamba zilifungishwa ndoa. Nyundo hizi zina ukarimu wake: upande mmoja ukiisha makali, unazigeuza, unatumia wa pili. Nikazing'oa kwa furaha nizigeuze. Kumbe aliyenitangulia alishazigeuza. Kazila pande zote mbili kama muhindi wa kuchoma, akaniachia gunzi.

Nikaenda dukani kutafuta beringi. Muuza spea hakuinua macho kwenye simu. "Leta sampo." Nikampa sampo. Akaipangusa, akaileta hapa puani. "6205. Ya kawaida hii, ninazo hata kumi." Nikanunua mbili, nikarudi nyumbani natembea kama mtu aliyepata mkopo. Haziingii. Tundu la 6205 ni milimita 25, na shafti yangu ni inchi moja kamili: 25.4. Nukta nne za milimita! Unene wa ukucha ndio unanizuia mimi na matandazo yangu.

"Tupunguze shafti kwa msasa," fundi akasema.

Mzee wa Reli akasimama kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza tangu afike. Akasema katika maisha yake ameona watu wakipiga shafti msasa kwa mkono, na shafti ikatoka na umbo la yai, na beringi ikafa ndani ya wiki, na mtu akamlaumu Mungu. "Mwambie muuza duka akuagizie 6205 yenye 16 mwishoni. Hiyo 16 ni sehemu kumi na sita za kumi na sita za inchi, yaani inchi moja kamili." Nikaagiza. Zikatoka Dar, zikachukua siku kumi na mbili, zikafika mwisho wa reli kwa basi.

Siku hizo kumi na mbili ndipo lilipotokea la mawese. Niliacha shafti imesafishwa inang'aa, juu ya meza, nikiogopa kutu irudi. Grisi ilikuwa imeisha. Mzee wa Reli akasema zamani hata huko Uingereza mabehewa yalipakwa mafuta ya mawese kwenye ekseli, na sisi hapa tumekaa juu ya mawese. Hilo ni kweli, na niliona fahari kidogo, nikaipaka shafti yangu mawese ya jikoni nikiwaza viwanda vya Manchester. Asubuhi shafti haionekani. Imefunikwa na sisimizi kuanzia ncha hadi ncha, wamepanga foleni mpaka uchagoni. Na mke wangu anapima chupa kwa jicho.

Visu vilikuwa na mapengo, fundi akavichonga upya kutoka springi ya lori. Chuma kizuri. Nilisimama juu yake wakati wa kunoa, maana grinda ikikaa mahali pamoja chuma kinageuka bluu, na kikigeuka bluu makali yake ni ya siku mbili. "Chovya kwenye maji. Chovya tena." Akaniambia, "Mzee, kaa nje." Nikakaa nje, naye akavipima kwa mizani ya muuza dagaa, maana kimoja kikizidi uzito sahani inatetemeka mpaka trekta linatembea lenyewe. Palibaki nafasi kati ya kisu na kile chuma kinachopokea tawi. Inatakiwa kama milimita moja na nusu, na hatukuwa na kipimo. Nikatoa kadi zangu mbili za benki, nikazipandanisha, zikaingia sawasawa. Miaka yote nimekuwa nazo, ndiyo mara ya kwanza nazitoa mfukoni zikanipa nilichokitaka.

Siku ya majaribio watoto walijaa ukutani tangu saa mbili. Mama wa vitumbua alileta biashara yake mlangoni kwangu. Tukafunga mashine mbele ya trekta, tukavuta mkanda, nikapanda na magoti yangu, nikawasha. Iliunguruma vizuri, nisidanganye, mwili ulinisisimka. Nikashuka na kusukuma tawi la mwembe bombani.

Halikwenda. Lilirukaruka mikononi likinitetemesha meno, kisha ukatoka moshi, na harufu tamu ya mti unaochomwa polepole. Mtoto mmoja ukutani akapiga kelele, "Inapika!"

Nikazima. Tukangoja sahani isimame, na sahani ile haina haraka, inazunguka mpaka uone aibu. Nikafungua kifuniko. Kisu kimefungwa mgongo mbele, makali nyuma. Vyote viwili. Tulikuwa tunakata mti kwa upande wa kisu ambao watu hukatia siagi. Nikamtazama fundi. Fundi akatazama ziwa.

Tukageuza, tukarudisha zile kadi za benki, nikawasha tena. Hapo nikavunja adabu. Kwa kiburi niliacha mwembe, nikaburuta kuti bichi la mchikichi, refu kuniliko, nikalitia lote. Lilimezwa kwa sekunde tatu. Watu wakashangilia. Sekunde ya nne mlio ukabadilika, ukawa mnene, mkanda ukapiga yowe, injini ikazima. Ndani kulikuwa na kamba. Nyuzi za mchikichi hazikatiki, zinajisokota, na zilikuwa zimejisokota kwenye shafti yangu ya inchi moja, kwenye beringi zangu za siku kumi na mbili, kwa ustadi wa msuka mikeka. Niliutumia mchana mzima nikiwa nimelala chali na kisu cha samaki, nakata uzi mmoja mmoja, watu wakipita juu yangu kunipa pole. Mzee wa Reli alisogeza kiti karibu anionyeshe nilipobakiza.

Lakini jioni, na hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni, miembe ilisagika. Tawi nene kama mkono wangu liliingia bombani, nikasikia tatatatata, na upande wa pili vikamwagika vipande vyeupe vyenye harufu ya embe bichi. Nilisaga mpaka jua lilipozama upande wa Kongo. Rundo likanifika kiunoni. Nikaenda kuoga nikiwa nimechoka kwa namna ya heshima, nimepanga asubuhi niamke na toroli nipeleke matandazo kwenye migomba.

Asubuhi rundo limenifika magotini.

Nikafuata njia ya vipande vilivyodondoka, kimoja hapa, kimoja pale, ikanipeleka jikoni. Mke wangu alikuwa ametoa lile jiko letu la zamani la pumba, la debe la bati. Amelishindilia vipande vyangu kwa mwiko mpaka juu, ameacha tundu katikati kwa chupa kama inavyotakiwa, na moto unapanda pole pole. Juu yake migebuka imejaa sufuria, na mawese yaliyosalimika na sisimizi.

"Baba watoto," akasema, hakugeuka, "leo saga tena. Lakini hivi vya jana vinene. Huna chekeche dogo?"