Toba ya Daudi, aibu ya Tamari

Katika nyumba ya Mfalme Daudi walikuwamo watu wawili waliohitaji kuponywa nafsi, na tunasimuliwa uponyaji wa mmoja tu. Daudi alilala na Bathsheba, mke wa Uria, kisha akapanga Uria afe vitani. Nabii Nathani akamwendea na kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee, na mfalme alipowaka hasira akaambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo." Daudi akakiri, na papo hapo akasikia kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Ukifungua sura inayofuata, 2 Samweli 13, binti wa mfalme huyohuyo, Tamari, anabakwa na Amnoni, ndugu yake wa baba mmoja. Anapomsihi asimtende hivyo, anamuuliza ataipeleka wapi aibu yake. Baadaye anajitia majivu kichwani, anararua vazi lake na kwenda zake akilia. Absalomu, ndugu yake wa tumbo moja, anamwambia anyamaze. Daudi anapata habari, anakasirika sana, na hatuambiwi kwamba alifanya lolote. Tamari anakaa ukiwa nyumbani kwa Absalomu, na hakuna mstari unaosema alifarijiwa.

Je, imani ya Kikristo huponya hatia na aibu? Waumini hujibu kwa kumtaja Daudi na Zaburi ya 51. Wanaoipinga husema dini ndiyo iliyowatia watu ugonjwa wenyewe. Mimi ni muumini, na naamini uponyaji huo upo. Ila naona pia kwamba tumezoea kuitibu hatia na aibu kwa dawa moja, yaani toba, na kwamba watu wengi wanaumizwa hivyo ndani ya makanisa yaleyale wanayoyakimbilia.

Wanasaikolojia wametusaidia kuyatenganisha mambo haya mawili. Mwaka 1971 Mmarekani Helen Block Lewis alieleza kuwa anayehisi hatia huangalia tendo lake, na anayeona aibu hujiangalia yeye mwenyewe, mtu mzima mzima. Wa kwanza husema, "Nimefanya jambo baya." Wa pili husema, "Mimi ni mbaya." Utafiti wa miaka mingi wa June Tangney na wenzake umeonyesha kuwa tofauti hiyo ina matokeo makubwa: watu wepesi wa kuhisi hatia huelekea zaidi kuomba radhi na kurekebisha walichoharibu, ilhali wepesi wa kuona aibu huelekea kujificha, kuwatupia wengine lawama na kuzama katika sonona. Msomaji wa Mwanzo sura ya 3 hatashangaa. Adamu na Hawa wanajishonea majani ya mtini, wanajificha katikati ya miti, na mwanamume anapoulizwa anamsukumia mkewe kosa.

Hoja ya wapinzani isipuuzwe. Mwaka 1887 mwanafalsafa Mjerumani Friedrich Nietzsche alidai kwamba Ukristo ulilichukua deni la kawaida baina ya mtu na mtu ukaligeuza kuwa deni kwa Mungu lisiloweza kulipika, mwanadamu akabaki mdaiwa daima. Miaka 20 baadaye, mwaka 1907, Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchanganuzi wa nafsi, akazifananisha ibada na vitendo vya kurudiarudia vya wagonjwa wanaoshurutishwa na fikra zao. Na ushahidi wa upande wao umo katika historia ya Kanisa. Ignatius wa Loyola, aliyekuja kuanzisha shirika la Wajesuiti, mwaka 1522 aliandika dhambi zake zote na kuziungama, lakini alipokuwa Manresa, Hispania, akaandamwa na wasiwasi kwamba kuna aliyoiruka, hadi wazo la kujiua likamjia. Martin Luther, alipokuwa mtawa kijana, aliungama kwa saa nyingi mfululizo hata mlezi wake wa kiroho, Johann von Staupitz, akachoka kusikiliza.

Hali hiyo ipo hadi leo, na madaktari wa akili wanaitambua kuwa namna moja ya ugonjwa wa fikra shurutishi. Mtu wa namna hii akiungama hupata nafuu ya muda mfupi, kisha wasiwasi hurudi ukitaka uhakikisho mwingine, na kila uhakikisho huulisha ugonjwa. Tiba humzoeza kidogo kidogo kuvumilia mashaka bila kukimbilia kuhakikishiwa. Inanigusa kwamba Ignatius mwenyewe alitoka katika mateso yale alipoamua kutoziungama tena dhambi za zamani. Kwa hiyo mchungaji anayemwona muumini yuleyule akirudi kila mara kutubu kosa lilelile, tena dogo, asiongeze maombi ya toba. Ampeleke kwa daktari, na aendelee kuwa mchungaji wake.

Hadi hapo nakubaliana na wapinzani. Ninaachana nao wanaposema hatia yote imepandikizwa na mahubiri. Jonathan Shay, daktari wa akili wa Kimarekani aliyewahudumia askari waliopigana Vietnam, ni miongoni mwa waliofanya dhana ya jeraha la kimaadili ijulikane kuanzia miaka ya 1990: mateso ya mtu aliyetenda, au aliyeshuhudia bila kuzuia, jambo ambalo dhamiri yake inalikataa. Jeraha hilo halimbagui asiye na dini. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "usijihukumu" utakuwa unamdanganya, maana amejihukumu sawasawa. Mshauri nasaha ana msaada mkubwa pale hatia ilipozidi kipimo, kwa mfano kwa mama anayejilaumu kwa kifo cha mtoto ambacho hakuna aliyeweza kukizuia. Hatia inapolingana na tendo, swali linakuwa jingine: ni nani mwenye mamlaka ya kumfungua mtu huyu? Ajisamehe mwenyewe? Aliyeua hawezi kusamehe kwa niaba ya aliyemuua.

Hapa ndipo ninapoona imani ya Kikristo ina kitu ambacho sijakiona kwingine. Haimwambii mkosaji kwamba kosa lake lilikuwa dogo. Inamwambia lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, kwa kuwa aliyemtenda mwanadamu amemtenda na Muumba wake, na kwamba Muumba huyo, akiwa mmoja wa waliokosewa, amechukua mwenyewe gharama ya kosa msalabani. Ndiyo maana ana haki ya kusamehe. Yohana anaandika kwamba tukiziungama dhambi zetu Mungu ni mwaminifu na wa haki, na neno hilo "wa haki" nalishika sana: ukweli hauzikwi ili msamaha upatikane. Zaburi ya 32 inaeleza kilichokuwapo kabla ya maungamo, "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa," na yeyote aliyewahi kuficha jambo zito kwa muda mrefu anajua kwamba mwili nao hushiriki siri hiyo.

Lakini nguvu hiyohiyo ina hatari yake. Katika Zaburi ya 51 Daudi anamwambia Mungu, "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako." Na Uria je? Na Bathsheba? Najua wafasiri husema mstari huo unaonyesha uzito wa dhambi mbele za Mungu, wala haukani kwamba kuna wanadamu walioumizwa. Ufafanuzi huo naukubali, ila naona jinsi sentensi hiyo inavyotumika: mtu anaiba, anapiga, anadhulumu, kisha anamalizana na Mungu chumbani kwake, na aliyedhulumiwa anapata habari kwamba jambo limekwisha. Mwaka 1937, Ujerumani, mchungaji Dietrich Bonhoeffer aliliita jambo hili neema ya bei rahisi.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa John Newton, Mwingereza aliyetunga wimbo wa neema unaoimbwa dunia nzima. Alimlilia Mungu katika dhoruba baharini mwezi Machi 1748, na mwenyewe alihesabu siku ile kuwa mwanzo wa wokovu wake. Baada ya hapo aliendelea na biashara ya watumwa, akawa nahodha wa meli zilizowabeba, hadi ugonjwa ulipomtoa baharini mwaka 1754. Akawa kasisi mwaka 1764. Ni mwaka 1788 tu, miaka 40 baada ya dhoruba, alipochapisha kijitabu cha kukiri hadharani aliyoyatenda na aliyoyaona, akikubali kwamba ungamo hilo limechelewa. Kijitabu hicho kiliwapa nguvu waliopigania kukomeshwa kwa biashara hiyo, na Bunge la Uingereza liliipiga marufuku mwaka 1807, mwaka aliofariki. Sithubutu kusema msamaha alioupokea mwaka 1748 ulikuwa wa uongo. Nasema kwamba amani ya moyo iliutangulia ukweli kwa miaka 40, na katika muda huo waliofungwa minyororo hawakupata chochote kutokana na amani yake.

Maandiko yenyewe yanaikataa njia hiyo ya mkato. Nathani alianza na mwanakondoo wa maskini, yaani na aliyeonewa, kabla hajataja msamaha. Zakayo, katika Luka 19, anasimama na kuahidi kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya. Na katika Mathayo 5 Yesu anamwagiza mwenye sadaka aiache mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake.

Hayo yote ni ya hatia. Kwa Tamari hayafai kitu, kwa sababu Tamari hana la kutubu.

Linganisha matukio mawili katika Injili ya Marko. Katika sura ya 2 mwenye kupooza anashushwa kupitia darini, na neno la kwanza la Yesu kwake ni kwamba dhambi zake zimesamehewa. Katika sura ya 5 anakuja mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Kwa sheria ya Walawi 15 alikuwa najisi, na kila aliyemgusa alitiwa unajisi. Anakuja kwa nyuma, kwa kujificha, kama aibu inavyomfundisha mtu kutembea. Yesu hataji dhambi hata mara moja. Anamtafuta mbele ya umati, anamsikiliza mpaka amalize kusema kweli yote, anamwita "Binti", na anamwambia aende kwa amani. Mwili wake ulikwisha kupona kabla ya maneno hayo. Kilichobaki kilikuwa nafasi yake kati ya watu, na hicho kilihitaji kurudishwa mbele ya watu walewale. Naye kipofu wa Yohana 9, ambaye wanafunzi walikwisha kumtafutia kosa, anasemewa wazi kwamba hakutenda dhambi, wala wazazi wake.

Kanisa lilipata mapema mwalimu wa kulisema hili. Rumi ilipotekwa mwaka 410 wanawake wengi walibakwa, na wapo waliosema afadhali wangejiua kama walivyofanya baadhi ya wanawake wa kale waliosifiwa. Augustine akajibu kwamba usafi unakaa katika nia, na ubaya wa mwenye kubaka haumchafui aliyebakwa. Ni zaidi ya miaka 1,600 imepita, na bado aliyedhulumiwa kingono anaombewa "atakaswe", anaulizwa alivaa nini, au anahimizwa asamehe haraka ili jina la kanisa lisichafuke. Kumwita mtu huyo kwenye toba ni kuthibitisha uongo anaojiambia kila usiku, kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Msamaha unaweza kuja siku moja, na nimeona ukiwaletea watu uhuru wa kweli. Hauna ratiba, na mwenye kuudai hawezi kuwa yule anayetaka kesi ifungwe.

Kuna wale ambao kwao mambo haya mawili yamechanganyika: wametenda, na sasa wanajiona takataka. Yuda na Petro wote wawili walimwacha Bwana wao usiku mmoja. Mara nyingi tunahubiri kwamba tofauti yao ilikuwa toba, lakini soma Mathayo 27 polepole. Yuda alijuta. Alikiri kwa kinywa chake kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia. Alizirudisha fedha zile, vipande 30. Aliyafanya hayo yote hekaluni, mbele ya makuhani, na wao wakamjibu kwamba hayo hayawahusu, ayaangalie mwenyewe. Akatoka akajinyonga. Petro alilia sana, lakini katika Yohana 21 anaitwa, anakula pamoja na wenzake, anaulizwa mara 3 kuhusu upendo na kukabidhiwa kondoo. Sisemi makuhani ndio waliomuua Yuda. Ninachokiona ni kwamba ungamo lililokosa wa kulipokea lilimwacha mtu peke yake na aibu yake, na aibu ikiachwa peke yake inaua. Yakobo anapoagiza tuungame dhambi zetu sisi kwa sisi, ndugu anayesikiliza na asiondoke ni sehemu ya uponyaji wenyewe.

Linabaki jambo gumu kuliko yote: aliyemdhuru mtoto akija kuungama. Padre wa Kikatoliki hawezi kamwe kuvunja siri ya kitubio. Anaweza hata hivyo kumnyima ondoleo mtu asiye na nia ya kuacha, na anaweza kumsihi kwa nguvu zote ajisalimishe. Mchungaji wa kanisa lisilo na sharti hilo hana sababu ya kujificha nyuma yake. Kwanza amlinde mtoto, siku hiyohiyo. Kisha amweleze mkosaji kwamba neema ya Mungu haimwondolei wajibu wa kusimama mbele ya sheria ya nchi, na kwamba kulikimbia hilo ni kuendelea kumwachia mtoto mzigo usio wake. Akikataa, mchungaji aende mwenyewe kutoa taarifa. Akikubali, mchungaji amsindikize mpaka kituoni, na aendelee kumtembelea huko atakakopelekwa.