Deni Lake, Nambari Yangu

Mwezi uliopita, kabla sijamaliza chai ya asubuhi hapa Wete, Pemba, nilipokea ujumbe kutoka nambari nisiyoijua. Ulimtaja jirani yangu kwa majina yake yote matatu, ukasema amekimbia deni la shilingi 80,000, na ukaniamuru nimwambie alipe siku hiyo hiyo. Jirani huyo anauza vitumbua, na mimi sijapata kumdhamini kwa mkopo wowote. Nambari yangu ilikuwamo tu ndani ya simu yake, pamoja na za wakwe zake na ya mwalimu wa chuo anayemsomesha Kurani mwanawe.

Deni lenyewe alilikopa kwa programu ya mikopo ya simu. Programu za aina hii humwomba anayezipakua ruhusa ya kusoma majina yaliyohifadhiwa kwenye simu, na akishabonyeza kukubali, orodha nzima hunakiliwa na kupelekwa kwa kampuni. Rehani ya mkopo huo ni heshima ya mkopaji mbele ya watu wake, na watu hao ni sisi.

Wapo wanaosema kuwa alikubali mwenyewe. Hata tukichukulia kwamba aliyasoma masharti yote hadi mwisho, ridhaa yake inamhusu yeye. Ya kwangu hakuna aliyeiomba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali na la wazi, nami sioni lengo halali linalohitaji nambari ya mwalimu wa chuo. Google nayo ilizipiga marufuku programu za mikopo zilizomo dukani mwake kusoma majina na picha za watumiaji kuanzia tarehe 31 Mei 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila ya leseni. Hatua hizo nazishukuru, lakini programu husambazwa pia kwa viungo vya WhatsApp, nje ya duka hilo, na orodha iliyokwishachukuliwa hairudi.

Kinachoniuma zaidi ni kuvunjwa kwa sitara. Mwenye duka wa mtaani kwetu huandika madeni kwenye daftari analoliweka chini ya mizani, na anapotaka kudai husubiri wateja waondoke, kisha husema kwa sauti ya kusikika na mmoja tu. Anaidai haki yake yote, wala hamvunjii mtu uso. Kampuni isiyojua hata Wete iko wapi imewatangazia wakwe wa mtu jambo ambalo muuza duka huyu asingelitamka mbele ya mtoto aliyetumwa chumvi.

Jioni ile nilikwenda kwa jirani kurejesha bakuli, nimeazimia kutoutaja ujumbe. Alinipokea mlangoni, akalichukua bakuli bila ya kunitazama, kisha akaniuliza taratibu, "Shoga, na wewe umekufikia?"