Mie na Theluji Yangu, Niacheni

Tangu nitangaze barazani kwamba Januari nakwenda Uswisi kuteleza kwenye theluji, sijapata hata mtu mmoja wa kunipa hongera. Mtu akienda Dubai kununua taa za gari, mtaa mzima unamsindikiza. Mie nimeulizwa: "Kwani unaumwa?"

Ndiyo tulivyo. Ukisafiri kwa maradhi, watu wanakuelewa. Biashara, wanakuelewa. Umra ndiyo usiseme, utaombwa mpaka dua. Lakini upande ndege masaa yote hayo ukaanguke kwa makusudi, mtu mzima, mwenye mke na mikopo, hapo wanaanza kukutazama macho.

Mtoto wa khalati yangu kaoa huko, anakaa karibu na Montreux, mji ulio kando ya Ziwa Geneva. Kanambia, "Kaka njoo, kulala bure, kula bure, na mbao za kutelezea tutaazima." Kuna treni ya meno, ile inayong'ata reli ili isirudi nyuma mlimani, inakuchukua pale ziwani mpaka juu Rochers-de-Naye, mlima wa mita 2,042. Unguja hii ukishapanda Masingini ndiyo umefika kileleni, na hata mita 150 hazifiki. Viza sitaisema, nikiisema nitalia. Walitaka mpaka uthibitisho kwamba nitarudi. Nisirudi nikae wapi mie, mtu asiyeweza kula jibini?

Mke wangu kauliza suala moja tu: "Huko chooni kuna maji?" Suala hilo nimelipeleka kwa mtoto wa khalati na mpaka leo hajajibu. Kimya chake kinanitia khofu kuliko huo mlima.

Wasilolijua ni kwamba mie sifuati theluji peke yake. Mie mtu wa muziki wa roki. Ndiyo, fundi mafriji wa Mlandege, kanzu na kofia kila Ijumaa, na nikisikia gitaa la umeme linalia nywele zinanisimama. Na mfalme wa mambo hayo si mtu wa mbali. Farrokh Bulsara kazaliwa hapa hapa mjini tarehe 5 Septemba 1946, baba yake mfanyakazi wa serikali ya Waingereza. Mwaka 1964 familia ikahamia Uingereza, kijana akajiita Freddie Mercury, na 1970 yeye na wenzake wakaanzisha bendi ya Queen. Huko Montreux ninakokwenda ndiko walikonunua studio yao mwaka 1979, na tangu 1996 sanamu lake limesimama pale ziwani, mkono mmoja juu.

Sasa niambieni uungwana uko wapi. Pale Shangani pana makumbusho yake tangu 2019, watalii wanalipa kiingilio kutazama picha. Mie nikimfungulia bure dukani kwangu, jirani anakuja mbio, kanga kajitupia kichwani, kuuliza kama kompresa imepasuka!

Bi mkubwa nilijaribu kumvuta taratibu. Nikamwekea Bohemian Rhapsody, ule wimbo wa Queen wa mwaka 1975, nikamwambia, "Mama, vumilia, pana mahali wanasema Bismillah." Akavumilia, masikini, na wimbo wenyewe unakaribia dakika sita. Ilipofika ile Bismillah akaitikia kwa kichwa, akasikiliza kidogo, akasema: "Kusema wamesema. Lakini mbona wanagombana?" Nikanyamaza, maana ni kweli, pale wanagombana, mtu aachiwe au asiachiwe. Hajui Kiingereza hata neno, kaufahamu wimbo kuliko mie.

Na taarabu msinisingizie kwamba naikataa. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, nikisikia ganuni na fidla zao na mie nakaa kitako. Lakini hii rusha roho ya harusini, spika zimepangwa mpaka mlangoni kwangu, saa nane za usiku, mabati yanacheza, nani kapeleka malalamiko kwa sheha? Na mle ndani mna gitaa la umeme vile vile! Gitaa likipigwa kumsema mke mwenza ni raha, likipigwa na Deep Purple, bendi ya roki ya Waingereza, ni ushetani.

Hao Deep Purple nao wana kisa cha Montreux. Desemba 1971 walikwenda kurekodi. Mwanamuziki Frank Zappa yuko jukwaani kasinoni, mtu mmoja akafyatua bunduki ya fataki humo ndani, jengo lote likateketea. Wenzetu wakatazama moshi umetanda juu ya ziwa, wakatoka na wimbo, Smoke on the Water, yaani moshi juu ya maji. Hapa kwetu jengo likiungua tunatoka na video za simu, tena zimepigwa kwa wima, na mtu nyuma anapiga kelele "weee, weee".

Basi nikaanza matayarisho. Jaketi nimelipata kwenye mitumba Darajani. Muuzaji alikuwa kalifungia mzigo wake, hakuamini kama linaulizwa bei. Jekundu, zito, na kwenye zipu bado limening'inia lile kadi dogo la plastiki la kupandia lifti ya mlimani, limefungwa kwa kiwaya. Maana yake jaketi limeshatangulia huko, limeteleza, limerudi salama, likapanda meli mpaka hapa. Lina uzoefu kunishinda. Kadi nimeliacha pale pale, ili nikifika wasinione mgeni.

Baridi nayo lazima mtu aizoee. Miaka yote hii natengeneza baridi za watu, najaza gesi, nabadilisha kompresa, mwenyewe sijawahi kusimama ndani yake. Dukani palikuwa na friza la mama mmoja, lile la kulala, lishapona, linashika digrii 18 chini ya sifuri barabara. Nikavaa jaketi, nikafungua mfuniko, nikainama nikaingiza kichwa na mabega, na redio nikaipandisha sauti ili nipate hali yenyewe. Pua ilikufa ganzi mwanzo, kisha masikio, nyusi zikaanza kuota unga mweupe. Mambo yakawa mazuri. Nikawa naitikia gitaa humo humo ndani, mguu unapiga sakafu, ndipo nikaguswa mgongoni. Mwenye friza. Kaja na mwanawe na mkokoteni.

"Fundi," akasema, "mie humo natia samaki."

Nikamwambia nalifanyia majaribio. Akanitazama nyusi, akalitazama jaketi, akamwambia mwanawe alifute friza lote kwa siki kabla halijapandishwa mkokotenini. Na pesa akataka kupunguza.

Barazani ndiyo nimekoma kabisa. Mzee mmoja pale, bingwa wa dhumna, kanitolea kauli: "Mtu mweusi na theluji wapi na wapi?" Nikamwambia, ami, Philip Boit, Mkenya, mkimbiaji wa mbio za kawaida, kashindana kwenye theluji Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Kilomita 10. Bingwa alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norwei, na badala ya kwenda kuvishwa medali yake akasimama kwenye baridi kumsubiri Boit amalize, akamkumbatia. Boit akarudi kwao, mtoto akamwita Dæhlie. Watu wakawa kimya, mpaka kahawa ikasahauliwa vikombeni. Nikadhani leo nimewapata.

"Alimsubiri muda gani?" mzee akauliza.

Dakika 20 hivi.

"Kwa hivyo wa mwisho." Wakacheka mpaka kete zikaanguka.

Nishajifunza hata breki. Ncha za mbao unazikaribisha mbele, visigino unavisukuma nje, magoti unayakunja kidogo. Nafanyia mazoezi uani, sakafu ikiwa na povu la sabuni, na ndara mguuni. Wanangu wamewaita watoto wa jirani kutazama.

Sasa mkasa wenyewe ni mizigo. Kilo 23 nilizopewa na ndege si zangu tena. Mtoto wa khalati kaagiza haluwa ya Wete, ubuyu, achari ya embe, karafuu na mdalasini. Mamaake kaongeza mbuzi ya nazi. Mbuzi! Ya mbao, na meno yake! Nikamuuliza, "Khalati, huko milimani anakuna nazi gani?" Kasema nisimletee ujeuri, mwanawe akipata nazi atakunia nini? Tumepima kwenye mizani ya muuza mchele: mbuzi imeingia, haluwa imeingia, jaketi limebaki nje.

Mke wangu ndiye aliyetoa hukumu: "Livae."

Na Januari huku Kaskazi ndiyo inavuma, jua linachoma utosi. Kwa hivyo siku hiyo mkipanda gari ya 505, ile ya uwanja wa ndege, saa saba mchana mkakuta mtu kajifunga jaketi jekundu mpaka kidevuni, na kadi linaning'inia kwenye zipu, msimsemeshe. Nauli anayo. Mumpishe dirishani tu.