Salama, ila

Neno “overall”, yaani “kwa ujumla”, nilifundishwa Dar es Salaam, kwenye darasa la kujiandaa na IELTS, mtihani wa Kiingereza. Muuguzi anayetaka kusajiliwa Uingereza anatakiwa alama 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika. Kwenye kuandika unapewa grafu uieleze, dakika 20, maneno yasiyopungua 150. Usiposema picha nzima inaonyesha nini, alama zinashuka.

Sasa nipo Leeds mwaka wa sita. Wodini tukikabidhiana zamu, muuguzi wa usiku anasema mgonjwa “overall” ametulia, tunahamia kitanda kingine. Hapo linafaa, wagonjwa ni wengi. Lakini kwenye chumba cha chai mtu anakueleza mama yake alivyougua wiki mbili, halafu anamalizia “but all in all, can't complain”, yaani kwa ujumla hana la kulalamika. Mlango umefungwa. Ukiuliza zaidi unaonekana mchokonozi.

Kwetu Tanga hukumu ya jumla hutangulia. Habari za nyumbani? Njema. Watoto hawajambo? Hawajambo, ila huyu mdogo anakohoa tangu juzi. Hiyo “ila” ndiyo mazungumzo yenyewe. Wapo wanaosema Mswahili huficha shida kwa kujibu “salama” hata akiwa msibani. Sikubaliani nao hata kidogo. “Salama” ni shukrani na heshima, na anayeijua lugha hubaki akisubiri kinachofuata.

Ndiyo maana inaniuma nikisikiliza redio za nyumbani na kukuta “mwisho wa siku” kila baada ya sentensi mbili, ikifunga hoja ambayo msemaji hajaieleza bado. Tumelitafsiri “at the end of the day” neno kwa neno, na tumeichukua na haraka yake.

Mimi mwenyewe nimeambukizwa. Ndugu wakiniuliza Ulaya kukoje, jibu langu miaka yote limekuwa “kwa ujumla si mbaya”. Na kweli si mbaya: mshahara unaingia tarehe yake, likizo inalipwa, kumwona daktari sitoi pesa mfukoni. Nisichosema ni kwamba Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, naingia kazini gizani na kutoka gizani. Kwamba jirani wa mlango wa pili hajawahi kuniuliza kama kwetu hawajambo. Kwamba baba alizikwa nikitazama kwenye simu, nimesimama chumba cha kubadilishia nguo, picha inakatikakatika. Mambo haya hayajumlishiki. Hakuna mshahara unaoweza kuwekwa upande mmoja na maziko ya baba upande wa pili, kisha mtu akatoa jibu.

Jumapili iliyopita shangazi alipiga. Shikamoo. Marahaba mwanangu, huko salama? Salama, nikasema, na “ila” ikanitoka kabla sijaizuia.

Akanyamaza kidogo. “Ila nini, mwanangu?”

Nikaanza na baba.