Picha za faragha za wanachuo: sheria inatazama utupu, haiulizi ridhaa

Video ya utupu ya mwanachuo ikivuja hapa Tanzania, mambo huenda kwa mtiririko uleule. Asubuhi magrupu ya WhatsApp yanaulizana nani ana "koneksheni", yaani video yenyewe. Kufika jioni, jina la binti, kozi yake na hosteli anayokaa vimeshajulikana. Aliyeirusha mara ya kwanza hakuna anayemtaja.

Wapo wanaosema sheria tuliyonayo inatosha, na kwa ukali haina upungufu. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuchapisha ponografia mtandaoni. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Hoja yao ina uzito: mwendesha mashtaka halazimiki kuchimba mapenzi ya watu wawili, nani aliomba na nani alikubali. Kenya walikwenda njia nyingine. Kifungu cha 37 cha sheria yao ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 kinataja wazi picha ya faragha ya mtu mwingine, ila adhabu ya juu kabisa ni shilingi 200,000 za Kenya au miaka 2, au vyote viwili.

Kwangu ukali si kipimo. Sheria isiyouliza ridhaa inamfanya binti aogope kwenda polisi, kwa sababu swali analolitarajia pale kaunta ni "Kwani ulijirekodi mwenyewe?" Hofu hiyo ina msingi. Uganda mwaka 2014, mwaka uleule sheria yao ya kupinga ponografia iliposainiwa, picha za msanii mmoja wa kike zilivujishwa, na waziri wa maadili akataka akamatwe yeye msanii. Vifungu muhimu vya sheria ile vilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2021.

Wazazi na walezi wengi wanasema: asingejirekodi, yasingemkuta. Wanasema kwa uchungu, na ni ushauri ambao hata mimi ningempa mdogo wangu. Lakini unamsaidiaje aliyerekodiwa kwenye simu ya video bila kujua, aliyeacha simu yake kwa fundi, au ambaye sura yake imebandikwa kwenye mwili wa mtu mwingine kwa akili mnemba? Na hata aliyejirekodi alimpa mtu mmoja. Hakuwapa darasa zima.

Kuhusu vyuo, kuna wanaoonya kwamba chuo si mahakama. Kikikimbilia kufukuza kinaweza kumwonea kijana ambaye simu yake iliibwa. Nakubaliana nao, asifukuzwe mtu bila kusikilizwa. Ila kuna kazi za usiku ule wa kwanza ambazo hazisubiri hukumu: kumhamisha binti chumba akitaka, kumruhusu aahirishe mtihani, kumpatia ofisa wa kike wa kuzungumza naye, na kuhakikisha ushahidi hauzunguki ofisini kutoka simu hadi simu.

Apewe pia mtu wa kumwongoza kutumia StopNCII, huduma iliyoanza Desemba 2021 kwa walio na umri wa miaka 18 na zaidi. Huduma hiyo hutengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yake mwenyewe. Picha haitoki, alama ndiyo inayopelekwa kwa mitandao kama Facebook, Instagram na TikTok ili nakala zinazofanana nayo zizuiwe. Grupu la WhatsApp la darasa haliguswi kwa njia hiyo, maana jumbe zake zimesimbwa na kampuni yenyewe haizisomi.

Huko mwenye uwezo ni admini, na mara nyingi admini ni CR, mwakilishi wa darasa. Anaweza kuifuta video kwa wanagrupu wote kwa kubonyeza tu. Kanuni za chuo zimtake afanye hivyo mara anapoiona, akishahifadhi namba ya aliyeituma na saa iliyotumwa, na zimlinde mwanafunzi yeyote anayeripoti.