Sweta ya bibi wa Bergen, vitambaa vya shangazi wa Njombe

Watanzania tunaoishi Norwei tukikutana kwenye harusi au ubatizo, hakosi mmoja wa kuanzisha ile mada yake: eti watu wetu nyumbani hawathamini kazi za mikono. "Waangalieni wenzetu hawa. Mkurugenzi mzima anakuja kazini na sweta aliyofumiwa na mama yake. Kwetu ukimwona mtu kavaa ya kufuma unajua hali imekaa vibaya." Watu wanacheka, wanaongeza pilau. Mimi ni mfumaji. Sindano hazitoki kwenye mkoba wangu, na hoja hii imenichosha. Acha niijibu hapa, maana siku ile muziki ulikuwa juu.

Tuanze na pale anaposema kweli. Bergen, mji wa pwani ya magharibi ya Norwei ninakoishi, ukiingia msimu huu wa majani kupukutika, utadhani mji mzima umepewa zamu ya kufuma. Septemba kondoo wanashushwa kutoka milimani walikolishwa kiangazi chote, na kila nyumba inanukia fårikål, nyama ya kondoo iliyochemshwa na kabichi, chumvi na pilipili manga nzima, basi. (Mwaka wa kwanza nilikaa mezani nikisubiri nyanya na kitunguu vije. Havikuja.) Mvua ya hapa haina adabu, inanyesha ya kusimama na ya kulala. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na Novemba ikielekea mwisho, saa kumi jioni jua limeshazama. Hapo ndipo sindano zinatoka. Utaziona kwenye basi, kwenye treni ya Oslo, kwenye mkutano wa wazazi shuleni, hata chuoni mwalimu akiwa anafundisha. Wala hakuna anayeona ni utovu wa nidhamu.

Mimi nilijifunza lugha yao hivyo. Maktaba ya mtaani kwetu ina jioni ya wafumaji, unaingia bure, unakuta kahawa na keki kavu. Mnorwei huyu huyu ambaye kwenye basi atasimama kuliko kukaa kando yako, mpe sindano na uzi atakueleza mpaka talaka yake. Nadhani ni kwa sababu macho yako kwenye kazi, hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Nilijihisi nimekaa kibarazani Njombe nasukwa nywele, ambako siri za mtaa mzima hupita juu ya kichwa chako.

Na upendo wao unapita humo humo. Mtoto akikaribia kuzaliwa, bibi yake anafuma seti ya kumtolea hospitali: kofia, kisweta, suruali, soksi na blanketi, vyote vya sufu, rangi zikiwa zimeshauriwa na mama mtu miezi kadhaa kabla. Akianza chekechea, anadaiwa nguo za ndani za sufu, maana watoto hapa hucheza nje mvua inyeshe, theluji ianguke, na wachanga hulazwa nje kwenye vigari vyao. Kwa hiyo bibi hana likizo. Hatamwambia mjukuu "nakupenda" hovyo hovyo, ila soksi zikitoboka kisigino atazidai azitie uzi.

Mpaka hapo mzungumzaji wetu wa harusini anapiga makofi. Sasa anisikilize.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Kuna bibi mmoja pale, ameshavuka 90, anamfumia kitukuu soksi. Majina ya watoto wake yanampotea, lakini mikono haijasahau kitu. Kidole cha shahada kinaushika uzi ukiwa umebana vile vile, kisigino anakigeuza bila kuangalia. Siku hizi vitanzi vinamponyoka. Jioni nikiwa zamu navirudisha kimya kimya kabla hajaviona, na asubuhi anajisifu jinsi mistari yake ilivyonyooka. Siku akiwa na kumbukumbu nzuri hunisimulia utoto wake wakati wa vita, Wajerumani wakiwa nchini, 1940 hadi 1945. Uzi ulikuwa wa kuhesabu. Mama yake alikuwa akifumua sweta ya kaka mkubwa, anaosha uzi, anaunyoosha, anamfumia mdogo, na yakibaki mabaki yanakuwa soksi. Hakuna aliyeiita sanaa. Ilikuwa njia ya kutokufa na baridi.

Na kabla ya hapo vile vile. Selbu, kijiji karibu na mji wa Trondheim, ni maarufu kwa glavu nyeusi na nyeupe zenye nyota ya ncha nane. Husimuliwa kwamba binti wa miaka 16, Marit Emstad, ndiye aliyezianzisha mwaka 1857. Leo ni fahari ya taifa, lakini wanawake wa pale walizifuma kwa wingi kwa ajili ya kuuza, kwa sababu mashamba peke yake hayakuilisha kaya. Walifuma kwa shida, kama sisi. Heshima hii tunayoiona sasa ilikuja tumbo likiwa limeshiba.

Hebu tupige hesabu. Sweta ya mtu mzima ya rangi mbili inakula kama gramu 600 za sufu, mipira 12 ya gramu 50. Kwa sufu nzuri hapo umeshatoa kroner, hela ya Norwei, 900 hivi, na bado hujafuma hata kitanzi. Kazi yenyewe si chini ya saa 60. Ukizilipa saa hizo kwa mshahara wa msaidizi wa nyumba ya wazee kama mimi, sweta moja inapita kroner 10,000. Nani anainunua? Hakuna. Hata Mnorwei hanunui, na ndiyo maana sweta hizi zinafumwa zigawiwe. Saa za mfumaji zimeshalipwa na wengine: mwajiri anayemwachia baada ya saa 37 na nusu kwa wiki, likizo ya wiki tano, pensheni, likizo ya uzazi ya wiki 49 kwa malipo kamili ambayo baba na mama wanagawana. Kwetu sheria inampa mama aliyeajiriwa siku 84, baba siku 3. Shangazi yangu hajaajiriwa na mtu. Kaajiriwa na viazi.

Shangazi anafuma kunizidi mimi na maktaba nzima ya Bergen. Njombe ni baridi, hasa Juni mpaka Agosti, asubuhi unatoa moshi mdomoni, na zamani aliuza sweta za watoto na za watu wazima kwa uzi wa dukani, ule wa nailoni. Aliacha. Sababu nilikutana nayo sokoni nilipokwenda kusalimia, kwenye rundo la mitumba. Nilivuta mkono wa bluu, ikatoka sweta ya Marius, ile ya bluu, nyekundu na nyeupe aliyoibuni Unn Søiland mwaka 1953, ambayo huku kila familia inayo. Niliigeuza ndani nje. Nyuzi za nyuma zimepita sawasawa bila kuvuta, ncha zote zimefichwa kwa sindano, na shingoni palipindwa mara mbili kwa mkono. Ile haikuwa ya kiwanda. Kuna bibi alikaa nayo vuli nzima, akampa mtu, mtu akakua au akachoka, akaitia kwenye kontena la nguo kuukuu, ikafungwa robota, ikavuka bahari.

"Sufu hiyo, dada," kijana akaniambia. "Buku tano. Wewe nipe nne."

Shilingi elfu nne! Uzi peke yake wa sweta ya shangazi ni zaidi ya hapo. Sasa mtu aniambie, mama wa Njombe mwenye watoto watatu wanaotaka sweta, akinunua ya elfu nne amedharau kazi ya mikono? Kanunua kazi ya mikono, tena ya hali ya juu. Mikono tu ndiyo imetofautiana. Saa za yule bibi zilishalipwa Norwei, kwa hiyo sweta yake inaweza kuuzwa bei ya karanga. Za shangazi hakuna aliyezilipa, na hapo sokoni wanashindanishwa.

Nilichompendea shangazi ni akili yake. Hakulia. Alikaa akaangalia ni kitu gani ambacho hakiji kwenye robota, akaona: vitambaa vya makochi. Ulaya siku hizi hawatandiki vitambaa kwenye makochi, kwa hiyo hawana vya kututupia. Akaweka pembeni sindano mbili, akashika ile moja yenye ndoano na uzi mweupe wa pamba, akaanza seti: vya kuegemea kichwa, vya mikono, kikubwa cha meza ya katikati, kidogo cha runinga. Ua lake ni nanasi, na akimaliza anavitia wanga vikae wima. Anafuma wajukuu wakimvutia uzi, anafuma akichunga sufuria ya maharage, anafuma kwenye kikao cha kikundi cha akina mama kanisani. Wateja wake wakubwa ni mabibi harusi. Wapo mabinti wa siku hizi wenye makochi ya ngozi wanaosema vitambaa ni ushamba, lakini hao nao mama mkwe akitangaza anakuja, wanapiga simu.

Kinachoniudhi zaidi kwa wenzangu wa harusini ni hiki: hao hao wanaolia kwamba nyumbani hatuthamini kazi za mikono ndio wanaomtumia shangazi ujumbe, "Shikamoo mama, naomba unifumie seti, nitakutumia hela ya uzi." Ya uzi! Kazi ya wiki nzima inahesabiwa undugu. Kwenye duka la zawadi mjini Bergen mtu huyo huyo analipa kroner 400 kwa glavu na haulizi mara mbili.

Sisemi kila kitu cha kwetu ni sawa, wala kwamba Norwei ni pepo. Yule bibi wa zamu yangu mwanawe humtembelea Jumapili, saa nane mpaka saa tisa, halafu jioni nzima anabaki na soksi. Shangazi hajui upweke ni nini, pengine angetamani auonje japo kwa saa moja ili amalize nanasi. Ila kuhusu kazi ya mikono, suala ni nani anayelipa muda, na sisi wenye mishahara ya kroner tunaweza kuwa miongoni mwa walipaji.

Kwa hiyo mwezi uliopita nilimwagiza seti kamili kwa ajili ya kochi langu la hapa. Nikampigia, "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu." Akanitajia bei, nadhani akiwa ameshaipandisha kidogo apate pa kushukia. Nikamtumia yote usiku ule ule, sikuomba apunguze hata mia. Asubuhi alimpigia mama kumuuliza kama huku nilipo niko salama, au nimepatwa na jambo ninalowaficha.