Kinyaa kisijifanye huruma

"Moyo wangu unakataa." Kauli hii imezima mijadala mingi ya maadili, na anayeitoa huona amemaliza, hadaiwi maelezo. Mimi naona anadaiwa. Atuambie moyo huo unakataa kwa kusukumwa na nini, maana kifuani mwa mtu hukaa hisia za kila namna na si zote za kuaminiwa.

Kinyaa, kwa mfano, nakishuku sana. Mwaka 1958 huko Virginia, Marekani, Richard na Mildred Loving walikamatwa usiku, chumbani mwao, kosa lao likiwa kuoana: mume mweupe, mke si mweupe. Sheria za namna hiyo zilidumu hadi Mahakama ya Juu ilipozifuta mwaka 1967. Wengi waliozitetea hawakuwa wakiigiza. Ndoa ile iliwatia kichefuchefu cha kweli, na dhamiri zao zilikuwa shwari kabisa. Ukali wa hisia zao ulithibitisha jinsi walivyolelewa, basi.

Mwanasaikolojia Jonathan Haidt alitoa hoja mwaka 2001 kwamba mara nyingi tunahukumu kwanza, kisha ndipo tunatafuta sababu za kuvalisha hukumu yetu. Ukizibomoa sababu hizo moja baada ya nyingine, mtu habadili msimamo. Anabaki kusema ni vibaya tu. (Mjadala wowote wa familia utakuthibitishia hilo.)

Wapo wanaotoka hapo na kuamua kwamba hisia zote zitupwe, tubaki na hesabu za akili. Hapo tunaachana njia. Oktoba 1943, mjini Posen (leo Poznań, Poland), Heinrich Himmler, mkuu wa SS, kikosi cha Wanazi wa Ujerumani kilichoendesha mauaji ya Wayahudi, aliwahutubia maofisa wake akawasifu kwa kustahimili kusimama mbele ya lundo la maiti na bado, kwa maneno yake, wakabaki watu waadilifu. Hotuba ile inatisha kwa sababu inajua kwamba huruma ipo. Inaitaja kama udhaifu unaopaswa kushindwa, na kuishinda kunakuwa ndiyo sifa. Hoja hawakuzikosa watu wale. Walikuwa nazo tele, zimepangwa vizuri.

Sasa mtazame rubani Hugh Thompson, Mmarekani, tarehe 16 Machi 1968 katika kijiji cha My Lai, Vietnam. Kutoka angani aliona wanajeshi wa nchi yake wakiua raia. Alitua helikopta yake kati ya askari hao na wanakijiji waliokuwa wakikimbia, akawaambia wenzake wawili kwamba askari wakiwafyatulia risasi wanakijiji, nao wawafyatulie askari. Sidhani kuna nadharia iliyomtuma. Aliona watu wanauawa, akashindwa kupita.

Kwangu tofauti ni hiyo. Huruma inamtazama mtu anayeumia. Kinyaa kinanitazama mimi ninayekereka. Huruma nayo ina kasoro yake, haioni mbali. Mtoto mmoja mwenye jina na picha hututoa machozi, laki moja wasio na sura tunawapitia kama takwimu. Mwanafalsafa Peter Singer aliuliza mwaka 1972: ukimwona mtoto anazama kidimbwini utaingia na nguo zako zichafuke, je, anayekufa njaa mbali na macho yako ana thamani ndogo zaidi? Hapo ndipo hesabu ina kazi ya kufanya, kuifikisha huruma kusikofika macho.

Lakini kipimo changu cha kuuliza "nani anaumia?" kinakwama kwenye maiti. Mtu akiidhalilisha maiti isiyo na ndugu, usiku, bila shahidi, hakuna anayeumia kwa maana ya kawaida. Bado nasema amekosa, na sisemi hivyo kwa sababu ya kinyaa tu. Naona kuna heshima anayostahili hata marehemu asiyeweza kuidai. Sijapata hoja ya kusimamisha hilo, na siko tayari kuliacha kwa sababu hiyo peke yake.